Simu ya Bi Hindu

Risala ya vijana waombaji wa mkopo wa chuo, Mengo. Msomaji: Jibril Uthman.

Mgeni rasmi, Naibu Mkurugenzi wa mikopo ya wanafunzi. Masheikh, wazazi na majirani: asalaam aleikum, na habari za mchana kwa wote. Mheshimiwa mama yetu, umeacha kazi zako ukavumilia foleni ya mjini mpaka ukumbi huu wa madrasa. Karibu sana. Chai ipo, lakini tuvumilie kwanza, maana tuna neno.

SISI NI NANI

Ni vijana kumi na mmoja tuliomaliza kidato cha sita. Wengi ni watoto wa wenye maduka na walimu wa dini wa hapa Mengo. Mwenzetu Moreen Nasike anatoka Mbuya. Alikuja kudurusu nasi jioni moja, akawa wetu.

TULICHOFANIKIWA

Sote tumepata nafasi chuo kikuu. Ruqayya ameitwa Kyambogo kusomea ualimu wa hesabu, na Moreen uhandisi. Wazazi wetu wamejikamua wakafika mwisho, kwa hiyo tuliomba mkopo wa serikali kwa mtandao.

KILICHOTUKWAMISHA

Hapa kwetu, mheshimiwa, vijana hubadilisha laini za simu kila mara. Bi Hindu, mwalimu wetu wa Kurani, hajabadilisha namba yake tangu aipate. Shule ikimtafuta mzazi, humpigia yeye. Hospitali ikiwa na habari za mgonjwa, humpigia yeye. Basi mtandao ulipouliza namba ya mwombaji, hakuna aliyefikiri mara mbili. Sote tuliandika ya Bi Hindu. Tumefundishwa umoja ni nguvu, nasi tukaungana mpaka kwenye namba ya simu.

Yeye mwenyewe aliketi nasi kwenye duka la intaneti, akitusomea namba za siri kila zilipoingia kwenye simu yake, kwa sauti ya darasani. Firdaus aliwapisha wenzake wote, akajaza wa mwisho.

Baadaye ujumbe ukaja: "Mpendwa mwombaji, umechaguliwa. Thibitisha." Haukuwa na jina. Bi Hindu alipita nyumba kwa nyumba akisema, "Wanangu, mmepita wote!" Pilau ikapikwa. Tulikula, tukacheza, mzee Junaid akatoa hotuba ndefu.

Tulipofika ofisini kwako tukaambiwa kwamba mfumo huhesabu namba moja ya simu kuwa mtu mmoja. Kila ombi jipya lilifuta lililotangulia. Likabaki la Firdaus peke yake. Sisi kumi hatumo.

Kosa ni letu, na tunalitamka mbele ya watu. Si la Bi Hindu. Tangu siku hiyo haji hata kwenye harusi, na inatuuma sana. Leo tumemleta ni kama kwa nguvu. Ndiye yule wa mstari wa pili.

TUNACHOOMBA

Tunaomba mfumo ufunguliwe tuombe upya kabla vyuo havijafungua. Hatuombi kupendelewa, tupimwe kama wengine, na asiyestahili aachwe. Karani wako alitwambia maji yakimwagika hayazoleki, tungoje mwaka ujao. Alisema kwa upole, lakini hatukukubali. Mwaka ujao nafasi zetu vyuoni zitakuwa za watu wengine, na Ruqayya tayari anatafutiwa mchumba.

Tena tunaomba ujumbe wenu uwe na jina la mtu. Pilau ile iliwagharimu wazazi.

NENO LA MWISHO

Firdaus alikataa kuthibitisha mkopo wake. Alisema, "Siwezi kwenda darasani nikiwaacha ninyi kumi, na mimi ndiye niliyewafuta." Siku tatu tulimsihi. Jana usiku ulikuwa mwisho wa muda wake, tukamketisha hapa hapa, tukamwambia kwamba akibaki nyuma kwa ajili yetu hatutamsamehe. Alilia, akathibitisha.

Kwa hiyo yeye anakwenda. Sisi kumi kila mmoja amesajili laini kwa jina lake, na vyeti tumekuja navyo. Kompyuta ile pembeni imewashwa, mheshimiwa. Tutakaa hapa mpaka utuambie siku.

Mungu akupe afya, akufungulie kheri, na akurudishe kwako salama.

Ni sisi,
Waombaji Kumi wa Mengo, pamoja na Firdaus.