Muhuri Kabla ya Kipimo
Kwenye basi, kiti cha mbele yangu, mama mwenye mimba ya miezi saba alimwonyesha cheti cha kliniki jirani yake wa kiti, mpimaji wa ultrasaundi aliyevaa sare. “Kaka, muhuri wa ‘moyo wa mtoto uko sawa’ niligongewa mlangoni, hata kitanda cha ultrasaundi sijapanda.”

“Lakini mapigo yalihesabiwa, dada, yameandikwa hapa.”

“Hata ya mwanangu wa kwanza yalihesabiwa. Nikamzika ana siku nne, moyo umeshindwa kusukuma damu.”

“Kuuangalia unavyosukuma ni nusu saa nzima. Foleni si unaijua?”

“Na kugonga muhuri ni dakika ngapi?”

Mpimaji akageukia dirisha. Dada yangu aligongewa muhuri huohuo miaka kumi na minane iliyopita; wamebadilisha wino tu.

Basi likasimama hospitalini. “Tangulia, kaka,” mama akasema. “Nakufuata mpaka kwenye mashine.”