Brokoli la Mama Mkwe

Kando yangu basini, fundi cherehani alipakata ndoo yenye brokoli zima, likiwa bado kwenye udongo wake.

"Miezi mitatu, dada!" akamwambia muuguzi aliyeketi upande wa pili. "Mama mkwe aliapa kwamba mkono wangu hauoteshi kitu."

"Hongera! Ila likate leo. Limeshaanza kuwa njano, kesho litachanua liwe shada la maua."

"Nikimpelekea lililokatwa, atasema nimenunua sokoni. Lazima aone mizizi!"

Dereva alifunga breki, udongo ukanimwagikia viatuni. Mimi ushahidi ulinitosha.

Kituoni, fundi akashuka amekumbatia ndoo yake. Muuguzi akatoa kichwa dirishani. "Mwambie alipike leo leo!"

"Akishaniomba radhi!"