Pini za Verna

Delmer aliendesha basi dogo la kutoka maegeshoni hadi kwenye maonyesho ya bunduki ya Tulsa, na masikio yake hayakuwa na breki. Nyuma yake mama mmoja mwenye vidole vilivyopindishwa na baridi yabisi, Verna, alikuwa akimwambia abiria wa pembeni, asiyemjua, kwamba anatafutia bunduki yake pini za kuifungulia zenye vichwa virefu, za kuvutwa kwa mkono.

"Mama, za kiwandani zinatosha," jamaa akasema, akichezea ndevu. "Unasukuma kwa ncha ya risasi, bunduki inaachana vipande viwili, unasafisha. Hizo ndefu zinanasa kwenye nguo. Tena nyingine nyekundu! Mapambo ya watoto hayo. Si umwambie mzee wako akusukumie?"

"Mzee wangu yuko kaburini. Na alipokuwa hai aliichomoa pini yote, springi ndogo inayoishikilia ikaruka, tukatambaa na sumaku kwenye zulia mpaka ibada ikatupita."

Delmer akameza kicheko. Springi ya bunduki yake mwenyewe, iliyoruka vivyo hivyo, ilikuwa bado chini ya friji.

"Basi labda umri, mama..."

"Binti yangu naye kasema niiuze, eti vidole haviwezi. Nimemwambia kibaya ni pini, si mimi. Nabadilisha pini."

Basi likasimama. Jamaa akashuka kwanza, akamnyooshea mkono. Verna akaupita, akashika chuma cha mlango, akateremka ngazi moja moja huku basi zima likimsubiri. Delmer, asiye na subira hata kwa mkewe, akazima injini.

Alipofika chini Verna akageuka. "Nilikuwa nataka nyeusi," akasema. "Sasa nachukua nyekundu."