Alama Mbili za Uzi Mweupe

Mheshimiwa mgeni rasmi, ndugu mwenyekiti wa chama chetu cha wapenzi wa magari ya zamani, jaji mkuu na majaji wenzako, wageni waalikwa, wenye magari mliofika hapa tangu alfajiri kufuta vumbi ambalo sisi wengine hatulioni, watoto mlioambiwa msiguse na mkagusa, mabibi na mabwana, nawasalimu nyote kwa heshima.

Mimi ni mwoka mikate mstaafu. Mbele ya tanuri siogopi, lakini mbele ya kipaza sauti miguu inataka kurudi nyumbani. Wengi wenu mnaniita Shemeji, kwa sababu mke wangu mlimwita Dada Fundi, na mume wa dada ni shemeji hata kama hajui boneti inafunguliwa upande gani. Mwenyekiti ameniomba niseme maneno machache ya kumkumbuka kabla matokeo hayajasomwa. Nimekubali. Ila nami nina ombi kwa majaji, na nitalifikia. Mnivumilie nipite njia ndefu kidogo, maana nikilitaja bila kisa chake mtadhani msiba umenichanganya akili.

Lile gari jekundu la viti viwili, lililoegeshwa karibu na hema, wengi wenu mlianza kulijua likiwa linang'aa. Mimi nililijua likiwa banda la kuku. Sitanii. Tulilikuta nyuma ya nyumba ya mzee mmoja, halina magurudumu, limekalia matofali, na kwenye kiti cha dereva kuku ameatamia. Mke wangu alilizunguka mara moja, akapitisha mkono juu ya boneti kama mtu anayepima kitambaa, akasema, "Nalitaka."

Yule mzee akamjibu, "Lichukue hata leo, mama."

Mke wangu akachungulia ndani. Akamtazama kuku, kuku naye akamtazama. "Leo siwezi," akasema. "Huyu bado yuko kazini. Wakishaanguliwa nitarudi."

Tukarudi vifaranga walipokwisha kuanza kutembea. Ndugu zangu, mtu aliyemsubiri kuku amalize, mngetegemea awe na haraka katika jambo gani tena?

Hakuwa na haraka. Mchana kutwa alishona sare za shule, jioni akahamia kwenye gari. Injini alisaidiwa na fundi magari wa mtaani kwetu, rangi mkamsaidia ninyi wanachama. Nyumbani mswaki ulikuwa haukai bafuni. Ukiutafuta unaukuta kwenye gurudumu, unasugua njiti moja baada ya nyingine. Namuuliza, "Mama, huu si mswaki wangu?" Ananijibu, "Ulikuwa." Majirani wakanicheka kwamba nimeletewa mke mwenza. Mwanzoni nilikasirika, baadaye nikaona wana haki, kwa sababu kila jioni lile gari lilifunikwa shuka lililopigwa pasi, na mimi la kwangu nikaambiwa liko kwenye kamba, kaanue mwenyewe.

Lakini viti alikataa asisaidiwe na mtu. "Nashonea watoto wa watu kutwa nzima," aliniambia, "nishindwe kumshonea mume wangu mahali pa kukaa?"

Akashona. Ngozi nyeusi, uzi mweupe. Na hapo ndipo mgogoro wake na jaji mkuu ulipoanzia.

Maonyesho yake ya kwanza, jaji mkuu aliinama, akatazama ndani kwa muda mrefu, akainuka. "Dada Fundi, gari safi sana. Ila uzi."

"Uzi una nini?"

"Ni mweupe, dada. Gari hili lilitoka kiwandani na uzi mweusi."

"Na mimi sikutoka kiwandani."

Watu walicheka, jaji mkuu mwenyewe alicheka, na akamkata alama mbili huku anacheka. Mwaka uliofuata vilevile, na uliofuata vilevile. Nafasi ya pili, nafasi ya tatu, nafasi ya pili tena. Ya kwanza hakuipata kamwe, na kila mara zilikuwa ni zile alama mbili za uzi. Nisiwadanganye kwamba hakujali. Alilitaka kombe. Aliondoa redio juu ya kabati la sebuleni ili liwe na pa kukaa, na pale pakabaki patupu miaka yote, napo panafutwa vumbi kama penginepo. Mtu akiweka hata kikombe chake cha chai, anasikia kutoka jikoni, "Hapo pana mwenyewe!"

Basi mtauliza, kwa nini hakufumua? Fundi wa sare, mwenye cherehani yake, mwenye uzi wa kila rangi, alishindwa nini kutoa mweupe na kutia mweusi, akachukua kombe lake akaenda nalo nyumbani? Kwenu alisema ni mtindo. Kwa majirani alisema ni mtindo. Leo nasema ukweli, kwa sababu hayupo wa kunifinya.

Alikuwa haoni. Mliowahi kupanda naye msishtuke. Vya mbali aliviona kuliko sisi sote. Vya karibu ndivyo vilivyomkimbia. Uzi mweusi juu ya ngozi nyeusi ulipotea machoni pake, na miwani hakutaka hata kusikia ikitajwa, alisema wateja watadhani amezeeka. Akachukua uzi mweupe ili angalau aone anakokwenda, na kwenye zile kona za chini zenye kivuli, ambako hata mweupe hakuuona, akashona kwa kupapasa. Kidole kinatangulia, sindano inafuata. Kiti cha abiria, ambacho ndicho changu, alikimaliza hivyo karibu chote.

Miwani alikuja kuinunua siku aliposhona shati la shule lenye mikono miwili ya kushoto, na mama wa mtoto akalirudisha. Alivaa ile miwani akaenda moja kwa moja kwenye gari. Nilikuwa ndani, nikasikia kicheko mpaka nikatoka nje. Ameshika mlango, machozi yanamtoka. "Baba! Njoo uone! Nimekushonea njia ya ng'ombe, kona tupu!"

Nikamwambia, "Sasa si unaona? Fumua, weka mweusi, tukachukue kombe."

Akafuta machozi, akapapasa ule mshono. "Hapana," akasema. "Sasa naona, nitashona kama kiwanda."

Siku zake za mwisho, alipokuwa hana nguvu za kushika usukani, aliniomba nimpeleke kwenye gari. Mimi na binti yetu tukamshika mkono huku na huku. Nikamfungulia mlango wa dereva. Akatikisa kichwa. "Niweke kwako." Miaka yote ile hakuwahi kukaa kiti changu hata mara moja. Tukamkalisha, mimi nikaenda kukaa nyuma ya usukani, mahali nisipopajua, na gari limezimwa. Akapeleka kidole kwenye ule mshono ulio pembeni ya paja, akaanza kuufuata polepole kama mtu anayesoma.

"Hapa nilikuwa nimechoka," akasema. Kidole kikasogea. "Hapa uliniita chai inapoa, nikakuitikia bila kuja." Kikasogea tena. "Hapa mtoto alikuwa na homa, nasikilizia chumbani huku nashona." Akafika kwenye kipande kimoja kilichonyooka. Akakaa hapo kidogo. "Hapa sijui. Hapa nadhani nilikuwa na furaha tu."

Ndugu zangu, mke wangu hakuwa mtu wa kusema maneno mengi juu yake mwenyewe. Hayo ndiyo mengi zaidi niliyowahi kumsikia akiyasema.

Baada ya hapo mnajua. Mlikuja nyumbani, mkapanga magari yenu barabara nzima, mkamsindikiza taratibu bila mtu kupiga honi. Sikupata nafasi ya kuwashukuru siku ile, kwa sababu sikuwa naona vizuri nani ni nani. Nawashukuru leo.

Kisha mwenyekiti alikuja na kamati yake, wakakaa kwenye viti vyetu, wakakataa soda, nikajua wana jambo. Mwenyekiti akasema, "Shemeji, tumekaa kama ndugu. Tutakuletea fundi viti, hutatoa chochote. Afumue ule uzi mweupe, atie mweusi. Mwaka huu Dada Fundi apate kombe lake." Nikaitikia asante. Mtu amekuletea mapenzi mpaka mlangoni, utamjibu nini zaidi ya asante?

Fundi viti akaja. Yule pale nyuma, mwenye kofia, anajificha. Akafungua begi lake, akatoa wembe wa kufumulia. Mimi nilikuwa nimeshaingia kwenye gari, kwenye kiti changu.

"Mzee, shuka nifanye kazi."

"Nimekaa."

"Nakuona umekaa. Ndiyo maana nasema shuka."

"Kaa na wewe kwanza, upande ule."

Alinihurumia akakaa. Nikauchukua mkono wake, nikauweka kwenye mshono, nikamwambia aufuate. Akaufuata. Akarudia. Akainamisha kichwa mpaka karibu na ngozi. "Huyu mama alikuwa anashona gizani?"

"Mchana kweupe. Bila miwani."

Tukakaa pale wanaume wawili wazima ndani ya gari lisilokwenda. Mwisho akakunja wembe wake, akasema, "Mimi nitawaambia nilikuja nikakuta mlango umefungwa." Mwenyekiti, usimlaumu. Mlango ulikuwa mimi.

Kwa hiyo leo asubuhi majaji walipofungua mlango wa gari wakitegemea uzi mweusi, wamekutana na ule ule mweupe. Jaji mkuu akanitazama, mimi nikatazama viatu vyangu. Muda si mrefu mwenyekiti akanivuta nyuma ya hema, akaniwekea mkono begani. "Shemeji, usijali. Tumeshaongea. Mwaka huu uzi hatujauona. Kombe ni lake." Kabla sijajibu, nikaitwa hapa mbele.

Basi jibu langu ni hili, na ndilo lile ombi.

Naomba mmkate alama mbili.

Najua mnalofanya mnalifanya kwa upendo, na najua pale juu ya kabati patabaki patupu. Nimepapita asubuhi hii wakati natafuta tai, nikapafuta. Lakini mkisema uzi hamkuuona, kwenye lile gari mtakuwa mmeona nini? Injini ni kazi ya fundi wa mtaani. Rangi mlipiga pamoja. Nta ya jana amepaka binti yetu, tena vizuri, ndiye aliyeliendesha mpaka hapa. Mkono wa mke wangu mwenyewe uko kwenye uzi. Mkiufumbia macho ule uzi, mtampa kombe mtu mwingine, mwenye gari jekundu linalofanana na lake.

Na pale kuna dada muuguzi na gari lake jeupe. Mke wangu ndiye aliyemfundisha kung'arisha bampa bila kuacha mikwaruzo, akarudi nyumbani akaniambia, "Yule binti atanishinda, na nitafurahi, ila si sana." Dada, kama umeshinda, umeshinda. Hutasimama hapa ukipewa nafasi ya pili kwa sababu mimi nimefiwa.

Jaji mkuu, wewe ulibishana naye kila mwaka, na kila mwaka alirudi nyumbani amekukasirikia, akala chakula kingi, akanisimulia hoja zako zote na jinsi alivyokujibu. Hukuwahi kumwonea haya, hukuwahi kumpunguzia. Alikuheshimu kwa hilo, ingawa kukuambia asingekuambia. Usianze leo, wakati hawezi kukujibu.

Naona unamtazama mwenyekiti. Mwache mwenyekiti, kaka yangu, nitazame mimi. Karatasi unayo. Kalamu pia unayo, ninaiona mfukoni.

Taratibu tu, hatuna haraka.

Moja. Na nyingine.

Asante. Asante sana, kaka.

Mheshimiwa mgeni rasmi, ndugu wa chama, wageni wote, nawashukuru mlionipa masikio yenu na mkanisubiri mpaka mwisho. Matokeo sasa yanaweza kusomwa.