Mrithi wa Kibanja Aliyelinda Anuradhapura

Baba Paroko, shemeji yangu Adventina, wafiwa wote na ndugu mliotoka Kilburn, Hayes na kwingineko, mimi ni Projestus, mdogo wa marehemu, na familia imenipa jukumu la kuwasomea maisha ya kaka yangu, ingawa niseme mapema kwamba aliacha kurasa arobaini alizoandika mwenyewe ili zisomwe leo, thelathini na saba kati ya hizo zinahusu mji mtakatifu wa Anuradhapura huko Sri Lanka, na hizo sitazisoma, anisamehe.

Marehemu Faustine Muganyizi alizaliwa tarehe 14 Machi 1959 katika kijiji cha Kanyigo, mkoani Kagera, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Laurean, tarehe ambayo nimeitoa kwenye cheti cha ubatizo, kwa kuwa yeye aliyeandika habari za kila mfalme aliyechimba bwawa Anuradhapura alisahau kuandika alizaliwa lini.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kanyigo kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, akaendelea na sekondari mjini Bukoba, akahitimu Chuo cha Ualimu Butimba mwaka 1980, akafundisha historia kwa miaka kumi na moja. Tarehe 22 Desemba 1989 alifunga ndoa na Adventina, na tarehe 9 Septemba 1991 wakaja London kwa masomo ya mwaka mmoja, mwaka ambao hadi leo haujaisha. Mungu aliwajalia watoto wawili, Edina mwaka 1993 na Tom mwaka 1997, ambao ukiwasemesha Kiswahili wanakuelewa vizuri sana na kukujibu kwa Kiingereza.

Mwezi Agosti 1998 baba yetu alifariki, na siku ya kuanua matanga ukoo ulimkalisha Faustine mbele ya watu, ukamkabidhi kibanja, yaani migomba pamoja na makaburi ya baba, babu na baba wa babu yaliyomo humo, naye akaahidi kwa sauti kwamba moto wa nyumba ile hautazimika. Baada ya wiki tatu akarudi London, akasema anakuja.

Wakati huo alikuwa mlinzi wa ukumbi katika jumba moja la makumbusho, na mwaka 2006 yakaletwa maonyesho ya Anuradhapura, akapangiwa kusimama humo miezi minne, na sisi tukawa tumempoteza. Alijifunza jinsi mti mtakatifu wa Wabudha ulivyopandwa pale kwa tawi lililoletwa kutoka India zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, akajifunza majina ya minara yote ya matofali yenye umbo la kuba, akaenda Sri Lanka mara tatu, mwaka 2009, 2013 na 2017, wakati Kanyigo katika miaka hiyo alikwenda mara moja tu, kumzika mama, akakaa siku sita. Jumuiya ikisali kwake Rayners Lane, rozari ilifuatiwa na picha za magofu, na mnamjua, hakuna aliyepewa chai kabla ya picha kwisha. Katika bustani yake ndogo alijenga mnara wa saruji, akaupaka chokaa, mkewe akakosa pa kuanika nguo, na kila mgeni alitakiwa kuvua viatu kama wanavyofanya wanaokwenda kuhiji kule, hata mwezi wa Januari, nami nilipogoma Tom akaniambia, "Uncle, just take them off, it's quicker."

Tarehe 3 Oktoba 2024 madaktari waligundua kuwa ana kansa ya kongosho, na mimi nikamwuliza kitandani nani atashika kibanja, kwa maana mila yetu hairuhusu watu wamzike mtu kisha waondoke makaburini bila mrithi kutajwa, naye akanieleza kwamba Anuradhapura ilipohamwa msitu uliimeza, lakini ule mti inasemekana haukuwahi kukosa mtu wa kuulinda. Nikamwambia, kaka, nakuuliza habari za migomba unanipa habari za Wabudha, akacheka, akaomba maji.

Mwezi Desemba nilisafiri mwenyewe hadi Kanyigo, nikakuta nyumba imebaki kuta mbili, migomba imezama magugu, na nilikata vichaka kwa panga kuanzia saa tatu hadi adhuhuri ndipo nikauona msalaba wa babu, nikakaa chini nikalia kwa hasira. Niliporudi nilimfokea mgonjwa mbele ya wauguzi, jambo ninaloliona aibu leo, hasa kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa sijakanyaga pale miaka kumi na miwili, na wote wawili tulilijua hilo. Alifariki Jumanne, tarehe 4 Februari 2025, saa nne asubuhi, mkewe amemshika mkono.

Ukurasa wa arobaini ndio nitakaousoma, una mstari mmoja tu: "Mrithi wangu wa kibanja ni Projestus, kwa sababu katika ukoo mzima ndiye peke yake anayekikasirikia bado." Watu wa Mungu, hakuniuliza. Nimekasirika siku tisa mfululizo, na kila nikikasirika namthibitishia kwamba alichagua sawasawa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, inawashukuru majirani wa Rayners Lane, hasa Bhavesh mwenye duka karibu na stesheni, aliyemwazima marehemu projekta miaka yote hiyo na kukaa hadi picha ya mwisho, inawashukuru walinzi wenzake wa makumbusho, na mimi binafsi nawashukuru wenzangu wa bohari kule Hayes kwa miaka kumi na saba, maana kesho kutwa nasindikiza mwili hadi Kanyigo, na barua ya kuacha kazi nimeipeleka leo asubuhi.

Kaka Faustine, pumzika kwa amani. Mimi nitakuwa hapo karibu, na bado tuna ugomvi.