Mashua ya Tanga Nyuma ya Landhi

Benchi letu liko Nsambya, hapa Kampala, pale njia ya landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, inapokutana na njia inayopanda hospitali. Ni ubao mmoja mrefu wa mvule uliotoka kwenye behewa la mizigo, umelazwa juu ya mawe mawili. Mimi nakaa upande wa jiko, mtoto mgongoni, namimina kahawa ya tangawizi isiyo na sukari, kwa sababu mwaka huu wa 1977 sukari tunaisikia tu ikitajwa. Wateja wangu wa kila siku ni wale wale. Ogwal, sajini wa polisi aliyestaafu, tunamwita Kesi, maana kwake hata mvua ikinyesha kuna mshtakiwa. Abudu, dereva wa lori, Mnubi wa Bombo, tunamwita Gia Nne, kwa kuwa akianza kusema hapunguzi. Akoth, mama Mkenya muuza samaki, tunamwita Balozi. Wa nne ni Fabiano, seremala wa mabehewa, Mwacholi, ambaye kwa miaka mitano amekuwa akitengeneza mashua kuukuu ya tanga nyuma ya nyumba yake. Ijumaa ile Fabiano alikuja na nyundo mkononi, na hakukaa.

— Nani amesema? akauliza.

— Amesema nini? akajibu Gia Nne. Kaa kwanza, ssebo. Mama Fadhul, mpe ndugu yako kahawa.

— Sitaki kahawa. Leo asubuhi Kapteni mmoja wa jeshi amekuja nyumbani kwangu na gari mbili. Amezunguka mashua mara tatu. Amezipigapiga mbao kwa kiganja, kama mtu anayechagua ng'ombe mnadani, ila huyu hanunui. Amesema kesho saa nne analeta lori. Mashua inakwenda ziwani, yeye ndani, na wageni wake.

— Wageni gani? akauliza Kesi.

— Sikumuuliza. Wewe afande ungemuuliza?

Kesi akanywa kahawa yake.

Asiyejua habari ya mashua hiyo nimweleze. Ilikuwa ya Mgoa mmoja, mchoraji wa ramani pale reli. Mwaka wa sabini na mbili, Wahindi wote walipoambiwa waondoke, alimpa Fabiano mashua pamoja na barua ya mkono. Tulicheka sana. Ilikuwa imelala kwenye nyasi bandarini Port Bell, mlingoti umevunjika, tumbo limetoboka, na kuku walikuwa wanataga ndani. Gia Nne ndiye aliyeileta kwa lori. Tangu hapo, kila king'ora cha karakana kikilia jioni, Fabiano alikuwa akivua viatu na kuingia chini yake. Mbavu zilizooza alizitoa moja moja, akachonga nyingine kwa mbao za mabehewa yaliyotupwa. Mlingoti aliutafuta mwaka mzima. Mke wake, Lamunu, alishona tanga kwa magunia ya unga, akiyafua kwanza mpaka maandishi yafutike. Sisi wa benchi kazi yetu ilikuwa kwenda kutazama na kurudi kubishana.

— Tuanze na sababu, akasema Kesi. Anaitaka ya nini? Mimi nasema kahawa. Mwaka huu gunia la kahawa likifika Kenya ni dhahabu. Wanaovusha wanatumia injini, na injini inasikika mpaka visiwani. Tanga halina kelele. Kesi imekwisha.

Akasema hayo kwa sauti ndogo, lakini hata hivyo niliangalia njia zote mbili.

— Hapana, akasema Gia Nne. Anaoa. Bibi harusi ni wa Entebbe, amekataa kuletwa kwa gari. Amesema kila mwanamke siku hizi analetwa kwa gari.

— Mwanamke gani anakubali kulowesha gauni lake jeupe? akauliza Akoth.

— Anayeolewa na Kapteni anakubali.

— Basi labda ni cheo, akasema Kesi. Jeshi la maji linahitaji mkubwa. Mkubwa anahitaji chombo. Leo Kapteni, kesho Amirali.

— Amirali wa kupigana na nani? Ziwani kuna sangara tu.

— Balozi, adui hutafutwa.

— Wazee, mnafikiri kidogo, akasema Gia Nne, na sasa alikuwa amekwisha kushika mwendo. Yule ataikata chini, ataweka injini ya Leyland na magurudumu sita. Ataiendesha barabara ya Jinja, tanga likiwa juu. Petroli ikiisha atangoja upepo. Sisi kwenye foleni, yeye anapita tu.

Tulicheka. Hata mimi nilicheka. Fabiano akainua nyundo akapiga benchi, vikombe vikaruka, kimoja kikaanguka.

— Miaka mitano, akasema. Miaka mitano hakuna mmoja wenu aliyenishikia hata ncha ya ubao. Mlikuja, mkatazama, mkarudi hapa kuongea. Mwaka huu mtu wa kabila langu akikata kucha anaulizwa anamkata nani. Mnawajua waliochukuliwa kwenye landhi zetu. Mnazijua nyumba zao. Kwa hiyo nimefunga mdomo. Nimejenga ua wa mabati. Mashua naifunika turubai kila nikimaliza kazi. Kapteni amejuaje?

— Nyundo yako inasikika, akasema Kesi.

— Nyumba zote za landhi zina nyundo.

— Labda ndege. Ndege za Entebbe zinapita juu hapa. Rubani akiangalia chini anaona kila kitu, hata nguo kwenye kamba.

— Rubani ataona turubai.

— Labda Mgoa mwenyewe ameandika barua kutoka huko aliko.

— Amwandikie Kapteni asiyemjua, kuhusu mashua aliyoigawa?

Nilikuwa naokota vipande vya kikombe, na nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona kijiweni pale. Gia Nne alikuwa amenyamaza. Akoth naye aliona.

— Abudu, akasema, na hakumwita Gia Nne. Mbona umezimika?

— Nasikiliza.

— Wewe? Unasikiliza?

Abudu alizungusha kikombe chake mara mbili.

— Ilikuwa Jumanne, akasema. Wandegeya, kwenye foleni ya petroli. Kulikuwa na askari wawili mbele yangu, wamekaa juu ya bampa. Mmoja akasema nchi hii tangu Wahindi waende hakuna anayeweza kutengeneza kitu kikasimama. Kila kitu ni kuharibu tu. Mimi nikachukia. Nikawaambia, nyinyi hamjui kitu. Mimi nina ndugu yangu, seremala wa reli, amechukua mashua iliyooza akaifanya mpya kwa mikono yake. Ukiitazama unajiona uso. Hata Mwingereza ataivulia kofia. Nilikusifu, Fabiano. Wallahi nilikuwa nakusifu.

— Ukawaambia iko wapi.

— Waliuliza.

— Ukawaambia.

— Mtu hawezi kusifu kitu halafu akatae kusema kiko wapi. Wangesema naongopa.

Fabiano hakumpiga. Ingekuwa nafuu angempiga. Alimwangalia tu, mdomo umekazana, nyundo ikining'inia, na Abudu akaendelea kusema polepole, kwamba hakujua ni askari wa nani, kwamba foleni ilikuwa ndefu, kwamba alikuwa hajala tangu asubuhi. Mimi sisemi sana kijiweni, lakini siku hiyo nilimchukia. Nilijichukia na mimi, kwa kuwa kicheko cha ile barabara ya Jinja kilikuwa bado kwenye midomo yangu.

— Basi na mimi niseme langu, akasema Akoth. Nina hasira nalo tangu mwaka jana. Omera, ndugu yangu Fabiano, nyufa za ile mashua umezibaje?

— Unajua nilivyoziba. Kama behewa.

— Waambie hawa.

Fabiano akaeleza kwa kukatakata, kama mtu anayejibu polisi. Kwenye behewa, akasema, ufa ni adui. Mvua ikipenya, mahindi yanaoza njiani, na fundi ndiye anayeitwa ofisini. Kwa hiyo kila mahali mbao zilipoachana aligongea kipande chembamba cha mvule mkavu, akakikaza kwa nyundo mpaka ncha ya kisu haikuingia, kisha akapaka lami ya paa la behewa. Ndivyo alivyofundishwa karakana, na ndivyo anavyowafundisha wengine.

— Na mashua imekaa miaka mitano nchi kavu, chini ya turubai, akasema Akoth. Mbao zimekauka kama mkate wa juzi. Baba yangu alikuwa anaunda mitumbwi Dunga, pale Kisumu. Mbao kavu huachiwa nafasi yake. Unaweka pamba, laini, hukazi. Unaivalisha magunia yenye maji siku tano, sita. Inakunywa, inanenepa, inajifunga yenyewe. Wewe umeinyima pa kunenepea. Kesho ikiingia ziwani itakunywa, itanenepa, mbao zitasukumana, na hazina pa kusogea. Zitang'oka kwenye mbavu.

— Kwa nini hukuniambia?

— Nilikuambia kabla ya Krismasi, nimebeba karai la ngege kichwani. Ulisema wewe ni fundi wa reli na mimi ni fundi wa samaki.

Ndipo Fabiano alipokaa. Aliweka nyundo kati ya miguu yake.

— Itachukua muda gani? akauliza.

— Nusu siku. Siku nzima. Mwanzo wataona imetulia, watafurahi. Wakilala kisiwani, basi ni wakati wa kurudi.

— Na Kapteni ndani.

— Na Kapteni ndani.

Kesi alivua kofia yake akaiweka gotini. Alipokuwa kazini alikuwa anavua hivyo akiingia kwenye nyumba ya msiba, mke wake aliwahi kuniambia.

— Mwambie, akasema. Nenda leo, mwambie mashua haiko tayari. Mwambie inataka kuloweshwa wiki moja.

— Afande, umekaa polisi miaka mingapi? Nikimwambia ni mbovu atasema nimeiharibu leo baada ya kumwona yeye. Nikinyamaza ikavunjika, watasema niliitega. Jina langu la Kiacholi wanalo. Halihitaji kesi.

— Tuvitoe vipande, akasema Abudu. Sote. Sasa hivi. Mimi nina mikono.

— Leo una mikono, akasema Fabiano.

— Vipande mia mbili na zaidi, akasema Akoth. Yeye mwenyewe alivigongea mwaka mzima.

— Basi panda basi, nenda kwenu Gulu, akasema Abudu. Nitakupeleka mpaka stendi.

— Aondoke kesho inapochukuliwa? akauliza Kesi. Anayekimbia ameandika maelezo yake na kutia sahihi. Na Lamunu abaki na nani? Na watoto?

— Mimi sikutaka kwenda popote, akasema Fabiano, na hasira yake ilirudi, lakini sasa haikuwa ya Abudu. Kila mtu anafikiri mtu akiwa na mashua anataka kukimbia, au anataka magendo. Miaka ishirini natengeneza mabehewa. Yanaondoka mazuri, yanarudi na matundu ya risasi, natia viraka, yanaondoka tena. Nilitaka kitu kimoja nikitengeneze kikae kimetengenezeka. Basi. Hata kisiguse maji. Sikuwahi kumwambia mtu kitagusa maji.

Nilimimina kahawa bila kuombwa.

Kijana mmoja alikuwa anakuja kwa miguu kutoka upande wa landhi. Shati lake lilikuwa safi, mikono imekunjwa, na alihesabu hatua kwa midomo mpaka kwenye kona, akageuka, akahesabu tena. Kisha akatusogelea.

— Hamjambo wazee. Hamjambo, akina mama.

Tukaitikia.

— Naomba kahawa kama ipo. Mimi ni dereva wa Kapteni. Nimetumwa kuangalia kama lori refu litakata kona hii kesho. Nafikiri litakata, ila mtaondoa hili benchi.

Alikunywa akiwa amesimama. Alikuwa na adabu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeamka mapema mno. Akasifu tangawizi. Akasema ameiona mashua kupitia tundu la bati na kwamba katika maisha yake hajaona kazi ya mbao namna ile, nani aliifanya. Abudu akatazama chini. Fabiano akasema, mimi. Kijana akampa mkono.

— Hongera, mzee. Kuna jambo moja tu limebaki, nimeambiwa nisirudi bila jibu. Kapteni hajui mambo ya tanga, na wageni wake hawajui. Nani kati yenu anajua kuiendesha?

Kesi alirudisha kofia kichwani. Akoth alitazama karai lake. Tulikuwa tumebishana miaka mitano juu ya mashua ile, rangi yake, thamani yake, tutafika nayo wapi, na swali hilo halikuwahi kutupita mdomoni. Fabiano hajawahi kupanda hata kivuko. Akisema anajua, kesho atakaa na Kapteni juu ya mbao alizozikaza mwenyewe. Akisema hajui, ataulizwa alikuwa anamtengenezea nani.

Kijana alingoja. Kisha akalirudia swali lake, polepole zaidi, kwa Kiswahili chepesi, kama mtu anayedhani hatukusikia.

Tulikuwa tumesikia wote.