Nilivyorudi Sikonge Kuaga

Bwana asifiwe, kanisa! Mbona mnaitikia kama hamjala? Bwana asifiwe! Hapo sawa.

Mimi ni Kulwa, wa kwaya ya vijana hapa Ipuli, ingawa kuna kipindi hamkuniona kwaya wala ibadani. Leo nitasema nilikuwa wapi.

Ndugu zangu, chuoni nilisomea ufugaji nyuki. Fildi nikapangiwa Sikonge, kwenye kituo cha kukusanyia asali cha kikundi cha wafugaji nyuki. Msimamizi wangu alikuwa Mama Shija, mama wa makamo ambaye hajakanyaga chuo chochote. Mimi na shati langu jeupe nilitegemea kukaa mezani. Nikapewa ndoo! Wiki nane ni kuosha ndoo, kuchuja asali, kunusa asali. Nilinuna tangu siku ya kwanza. Siku ya mwisho nikavizia Mama Shija ameenda sokoni, nikamwomba katibu wa kikundi agonge muhuri kwenye daftari langu la fildi, nikapanda basi. Sikumuaga mtu. Kwetu hata mgeni aliyelala usiku mmoja huaga, na mwenyeji humsindikiza mpaka njiani. Mimi nilikuwa nimekula ugali wa yule mama wiki nane!

Nikahitimu. Maombi ya kazi niliandika mpaka vidole vikauma. Miaka miwili! Mwishowe nikaitwa kwenye usaili, na sehemu ya wadhamini nikaandika jina la Mama Shija. Wakampigia simu. Akawajibu kwamba huyo Kulwa aliondoka kwake kama mwizi, hawezi kumsemea. Kazi akapewa mwingine.

Nilichanganyikiwa. Nikaacha kwaya, nikamnunia Mungu. Jirani akaniambia nyota yangu imefungwa, na kwamba kule Tura yuko mganga wa kuifungua. Nami, mtoto wa kanisa, nikakata tiketi ya treni! Asubuhi ya safari mama yangu hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Kulwa, ulipotoka Sikonge, ulimuaga nani?"

Ndugu zangu, nilikaa chini palepale jikoni, nikalia. Nikasema, Ee Bwana, hakuna nyota iliyofungwa hapa, ni kiburi changu! Nisamehe! Ule uzito niliokuwa nao kifuani miaka miwili ukaondoka saa ileile. Haleluya!

Tura sikwenda. Nilipanda basi la Sikonge na kilo mbili za sukari. Nikamkuta Mama Shija ameinama anaosha ndoo. Nikapiga goti. "Shikamoo, mama." Akaendelea kusugua. Nikarudia. Akavuta ndoo nyingine. Nikasema, "Mama, nimekuja kuaga."

Akainua uso. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Miaka miwili ndiyo unaaga? Marahaba, mwanangu. Haya, daftari lako umekuja nalo?"

Nilikuwa nalo. Akataka nimsomee ukurasa kwa ukurasa. Siku kumi na tatu nilikuwa nimeandika "Nimeosha ndoo" basi. Akaniuliza tunaziosha vile kwa nini. Nikajibu, ili ziwe safi tu. Ndipo akanieleza kwamba watu wa kule wanalima tumbaku, ndoo iliyobeba tumbaku au dawa ya shamba leo, kesho mtu anatilia asali, na asali inashika harufu haraka. Nikabaki kwake msimu mzima wa kurina asali. Kila nilichokuwa nakiita kazi ya hausigeli nikakiandika upya, mbele yake, kwa jina lake halisi: kukagua vyombo, kupima maji kwenye asali, kutambua asali iliyoharibiwa na moshi. Kumbe nilikuwa nimefundishwa, ila sikutaka kujua!

Mwezi uliopita ikatokea nafasi Urambo, kwenye kiwanda kidogo cha asali. Siku ya usaili waliweka vikombe vitatu mezani, wakaniuliza kipi kina kasoro. Nikanusa. Nikasema, "Hiki cha katikati, ndoo yake ilikaa na tumbaku." Wakatazamana. Wakampigia Mama Shija, na safari hii, nasikia, alinisemea mpaka wao wenyewe wakaomba kukata simu. Kazi nimepata! Mungu ni mwema!

Wewe uliyemaliza fildi na cheti chako kinalala sandukuni, usikate tamaa, wala usimtafute mganga. Mtumaini Yesu, hajawahi kumfukuza aliyemrudia. Halafu fungua lile daftari, usome tena ulifundishwa nini na nani. Kama kuna mlango uliubamiza, nenda ukabishe hodi. Yeye atakutangulia.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mama yangu, yule pale anayefuta machozi kwa kitenge. Kesho Jumatatu naanza kazi, na basi langu la Urambo linaondoka leo saa tisa alasiri. Nilimwomba mchungaji dakika hizi kwa sababu moja tu.

Ndugu zangu, nimekuja kuwaaga.